Kilo Ishirini na Tatu

Kwenye ofisi ya tiketi iliyo ghorofa ya kwanza, juu ya duka la miwani, wateja walimwita Rubani. Jina hilo lilikuwa na utani ndani yake, kwa sababu mama huyu alikuwa hajawahi kupanda ndege hata siku moja. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amekaa meza ile ile, karibu na dirisha lisilofunguka, akiwapangia watu likizo za Ulaya. Alijua mji gani una sherehe ya maua mwezi wa tano, wapi watu huvaa vinyago na kucheza barabarani siku tatu mfululizo, soko lipi la Krismasi hufungwa mapema. Alijua hata kiti kipi cha ndege hakilali kwa kuwa nyuma yake kuna ukuta wa choo.

"Na wewe mama, ulipokwenda ulipapenda wapi?" wageni walimuuliza.

"Mimi ni mpishi wa harusi," alijibu. "Nikikaa mezani na wageni, nani atapakua?"

Wazee waliosafiri mara ya kwanza aliwaandikia karatasi kwa herufi kubwa, wakaikunja ndani ya pasipoti. Kunywa maji kabla ya kiu. Kila baada ya saa mbili inuka, tembea hadi mwisho wa ndege urudi, miguu isije ikavimba. Ndege ikishuka na masikio yakiziba, meza mate. Dawa za presha kaa nazo mfukoni, maana begi kubwa laweza kupelekwa mji mwingine na presha isilisubiri. Mkanda ufunge hata taa yake ikizimwa.

Barua ilifika mwezi wa sita, kwenye sanduku la posta ambalo siku hizi halikupokea kitu ila bili na matangazo. Ilikuwa kwa lugha ambayo Rubani hakuijua, lakini nembo ya mji aliitambua. Aliipeleka kwa mteja wake wa siku nyingi, mwalimu wa lugha za kigeni. Mwalimu aliisoma mara mbili.

"Mama, kule hawauzi mahali pa kuzika. Wanapangisha. Muda ni miaka ishirini, na huu unaisha. Safu yote itasawazishwa mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Familia ikitaka jiwe la kaburi, ije ilichukue kabla. Lisipochukuliwa litasagwa pamoja na mengine."

"Litasagwa?"

"Ndivyo walivyoandika. Pole sana, mama."

Chini ya jiwe hilo alilala mtoto wao wa pekee. Alikwenda kusomea ujenzi wa madaraja, na majira ya baridi ya pili baiskeli yake iliteleza kwenye barafu mbele ya lori. Kumleta nyumbani kulihitaji fedha ambazo hata nyumba yao isingezitoa. Chuo kilimzika, wanafunzi wenzake wakachangia jiwe. Tiketi yake alikuwa ameiandika Rubani kwa mkono wake mwenyewe, enzi za tiketi za karatasi: kwenda na kurudi. Nusu ya kwenda ilichanwa uwanja wa ndege. Nusu ya kurudi ililetwa kwa posta pamoja na nguo, na mpaka leo ilikuwa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati.

Jioni ile aliiweka barua mbele ya mumewe na kumweleza. Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno ya kuhesabika. Kwa miaka ishirini hakuwa amelitaja jina la mtoto, na mkewe hakuwa amemlazimisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta vumbi la mbao mikononi.

"Lina ukubwa gani?" aliuliza.

Ofisi ya makaburi ilijibu baada ya wiki mbili. Sentimita arobaini kwa thelathini, unene sita. Granaiti. Kilo kumi na tisa na nusu.

Kisha ikaja fomu ya viza. Rubani aliijua fomu ile kama mtu anavyoijua ngazi ya nyumba yake gizani. Waliketi nayo mezani, na seremala akaweka kidole kwenye swali la madhumuni ya safari.

"Hapa utaandika nini?"

"Utalii."

"Mama, hatuendi kutalii."

"Fundi, fomu haina nafasi ya hadithi. Ina visanduku. Biashara, masomo, matibabu, utalii, kutembelea ndugu."

"Basi weka kutembelea ndugu. Ndio ukweli."

"Hicho kinataka barua ya mwaliko, imesainiwa na ndugu anayeishi kule. Nani atatusainia?"

Seremala aliondoa kidole.

Kwa hiyo Rubani aliwapangia likizo, na aliipanga kama alivyowapangia mamia ya wengine, bila kuruka mstari. Siku ya kwanza, kanisa kuu na kengele zake. Siku ya pili, maonyesho ya bendi za matarumbeta. Siku ya tatu, tamasha la mavuno ya zabibu, kijiji cha pili kwa treni. Siku ya nne ilikuwa tarehe mosi mwezi wa kumi na moja, ambapo watu wa mji huo huenda makaburini na maua na mishumaa, na vitabu vya wageni husifu uzuri wake. Siku ya tano, makumbusho. Siku ya sita, kurudi.

Hawakumwambia mtu. Seremala alisema akianza kuwaeleza watu ataanza kulia, na akianza kulia hatakwenda. Dada yake, ambaye hakuwahi kukosa habari yoyote ya ukoo, alisikia kuwa kaka na wifi wanaomba viza, akaja mbio.

"Kumbe! Ulaya, uzeeni! Wifi, mnakwenda kuutafuta ujana mlioupoteza?"

"Tunakwenda kuona sherehe," Rubani alisema.

"Huyu kaka yangu, sherehe? Harusi yake mwenyewe alisinzia!"

"Nilikuwa nimetengeneza viti vyote," seremala alisema. "Nilichoka."

Ubalozini waliitwa kwenye madirisha mawili yaliyo jirani. Nyuma ya kioo cha mumewe alikaa ofisa mwanamke mwenye sauti ya upole, akipitia ratiba.

"Katika haya yote, baba, wewe mwenyewe unasubiri nini zaidi?"

"Siku ya nne."

"Kwa nini?"

"Nasikia mji mzima unatoka na mishumaa. Nataka kuona wanavyofanya."

Rubani alisikia kila neno. Alikuwa amemfundisha majibu wiki nzima, na hilo hakuwa amemfundisha.

Pasipoti zilirudi siku ya Ijumaa. Ya seremala ilikuwa imebandikwa viza. Ya Rubani ilikuwa na karatasi yenye alama kwenye kisanduku kimoja: hakuna hakika kwamba mwombaji atarudi kwao. Sentensi hiyo alikuwa amewasomea wateja wengi, na kila mara aliwaambia wasiiweke moyoni, kwani ni kisanduku tu. Aliisoma amesimama. Mwanamke ambaye hajavuka mpaka wowote, wa meza moja miaka ishirini na saba, alitiliwa shaka kwamba hatarudi.

"Tuombe tena," mumewe alisema.

"Majibu yatakuja mwezi wa kumi na mbili."

"Basi tuache wote. Mimi peke yangu siwezi. Hata lifti naiogopa, unajua."

Rubani alikunja karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu, mpaka haikukunjika tena.

"Fundi. Mimi ndiye niliyempeleka. Wewe nenda kamrudishe."

Tangu siku hiyo mazungumzo ya nyumbani yalikuwa ya uzito. Mzigo ulioruhusiwa ulikuwa begi moja, kilo ishirini na tatu. Begi jepesi kuliko yote sokoni lilikuwa na kilo mbili na robo. Ndani yake seremala alitengeneza fremu ya mbao nyembamba, pembe zimepigwa gundi na si misumari, jiwe likae bila kucheza. Fremu ya kwanza ilizidi. Akairanda, akaitoboa, akaipunguza hadi kilo moja kamili. Rubani alileta mizani ya ofisini, ile ya kuning'inizia mabegi, akaishika kwa mikono miwili huku mumewe akisoma namba.

"Tatu na robo. Ukijumlisha jiwe, ishirini na mbili na robo tatu."

"Imebaki robo kilo," alisema Rubani. "Weka unachotaka."

"Niweke nini?"

Rubani alilishusha begi sakafuni.

Nguo zingekwenda kwenye mkoba wa mkononi, na nyingine angezivaa. Wifi yake, yule dada wa seremala, alifika wakati begi liko wazi sakafuni, na lile umbo la mbao hakulielewa.

"Anakwenda Ulaya na begi tupu! Huyu ndiye mwanamume anayejua kusafiri, anaacha nafasi ya zawadi." Alitoa karatasi kwenye pochi. "Viatu namba arobaini, kisigino kifupi. Manukato. Chokoleti zile za karanga. Kaka, nimekuandikia."

"Tutaona, dada."

"Tutaona! Hilo jibu la daktari wa macho!"

Seremala aliipokea karatasi, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni pamoja na ya mkewe. Karatasi ya mkewe ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuandika: maji, soksi za kubana, mlango gani wa kubadilishia ndege, na kwamba kiberiti hakiruhusiwi kwenye begi kubwa, atanunua mishumaa na kiberiti huko huko. Mstari wa mwisho aliuanza kwa neno "Kaburini", akaliacha peke yake. Miaka yote ile hakuna mteja aliyewahi kumuuliza mtu afanye nini hapo.

Siku ya nne simu iliita Rubani akiwa kazini. Mbele yake walikaa bwana na bibi harusi wapya waliotaka mji wenye mito na muziki.

"Nimefika," alisema seremala. Nyuma yake zilisikika nyayo nyingi kwenye kokoto, na kengele mbali.

"Soksi umevaa?"

"Nimevaa."

"Miguu?"

"Haijavimba. Mama, mji mzima uko hapa. Kila kaburi lina taa. Na lake lina taa."

"Umewasha?"

"Nimeikuta imewashwa."

Rubani aligeuza kiti kuelekea dirisha. "Na nani?"

"Kuna bibi kizee, mumewe amezikwa jirani hapo. Mjukuu wake ndiye anayetutafsiria. Anasema kila mwaka hubakiza mshumaa mmoja. Hakujua huyu ni mtoto wa nani. Anasema hakupenda pawe na giza katikati ya safu."

Miaka ishirini Rubani alikuwa ameiona tarehe hiyo kwenye kalenda za wateja, na kila mara alikuwa ameliona kaburi moja tu akilini, la giza. Alitaka kusema mengi. Alisema, "Mshukuru. Mshukuru sana, Fundi."

Alipogeuka, bibi harusi alikuwa akimtazama usoni. "Kuna shida, mama?"

"Hapana. Mume wangu yuko kwenye sherehe." Akavuta karatasi safi. "Mmesema mito na muziki. Kwenye ndege mnapenda kukaa dirishani au karibu na njia?"

Siku ya kumpokea, Rubani alikwenda uwanja wa ndege na wifi, aliyevaa gauni lake la heshima. Seremala alitoka kati ya abiria wa mwisho, amevaa koti, akisukuma kigari. Mkewe aliona upesi kwamba ile sweta ya kijivu aliyoondoka ameivaa haikuwa mwilini.

"Kaka! Karibu nyumbani!" Wifi alilidaka begi kwa mpini, akavuta. Halikusogea. Akavuta tena, akacheka kwa nguvu hadi wapagazi wakageuka. "Kaka jamani, umebeba mawe humu?"

"Moja tu, dada."

Wifi aliendelea kucheka peke yake kwa muda mfupi. Kisha akamwona Rubani ameinama, kiganja kimelalia ubavu wa begi kama mtu anayepima homa ya mtoto. Lebo ya uwanja wa ndege ilisomeka kilo ishirini na tatu na nusu.

"Imezidi," Rubani alisema bila kuinua kichwa.

"Ni sweta. Nilimfunika nayo. Yule wa mizani aliuliza ni nini, nikafungua. Akafunga mwenyewe, akasema nipite."

Wifi alishika mdomo. Kisha akashika upande mmoja wa begi, kaka yake upande wa pili, wakalipeleka hadi teksi, na dereva akaja nyuma kufungua buti.

"Hapana," alisema Rubani. "Hapo nyuma hakai."

Waliliweka kwenye kiti, kati ya wifi na yeye. Seremala alikaa mbele, mikono mapajani, akitazama barabara aliyoiacha siku saba zilizopita. Gari lilipowashwa, Rubani alivuta mkanda wa katikati, akaupitisha juu ya begi, akatafuta kifungo kwa vidole, akaufunga.