Jopo la Qusai na Maji ya Bamvua

Qusai Jafferji, muuza vipuri vya baiskeli wa Barabara ya Nane, Tanga, alikuwa na miaka arobaini na minne siku alipogundua kwamba yeye ni mtu muhimu. Habari hiyo ilimfikia kwa barua pepe. Waandaaji wa kongamano la programu huria, litakalofanyika papo hapo Tanga, walimwomba apange jopo juu ya nafasi ya programu yake katika jamii. Aliisoma barua mara nne peke yake, ya tano akamsomea baba yake.

"Ndiyo ile ya maji?" Mzee Aslam aliuliza, akitundika minyororo ya baiskeli.

"Ndiyo hiyo, Baba."

"Kumbe bado ipo."

Jibu hilo lilimchoma. Kwa miaka sita mzee alikuwa akimwona mwanawe ameinamia kompyuta huku wateja wakisubiri tairi, na hakuwahi kuuliza ina faida gani. Qusai alitaka jambo moja tu: baba yake akae kiti cha mbele, aone kwamba miaka ile haikupotea.

Programu iliitwa Bamvua, jina la zile siku ambazo maji ya bahari hujaa na kutoka kupita kawaida. Humwonyesha mtu kwenye simu siku na saa ambayo maji ya bahari yatatoka, ili wakulima wa mwani wajue lini washuke shambani. Qusai aliitunga baada ya kwenda kijiji cha Moa na kuwakuta akina mama wamesimama ufukoni na kamba zao, maji bado yamejaa. Aliwawekea kwenye simu nne. Ilikuwa huria, yaani yeyote aliruhusiwa kuichukua bure, kuifungua na kuirekebisha apendavyo. Tangu hapo alirudi Moa mara mbili, na mojawapo alifuata pweza.

Basi akaingia kazini. Akamwalika mhadhiri wa Dar es Salaam, mtaalamu wa Nairobi, na afisa mmoja ambaye cheo chake hakikuenea kwenye mstari mmoja wa ratiba. Viti vilikuwa vinne. Cha nne akajipa mwenyewe. Akaandika kurasa sita kueleza jamii ni nini, akazifanyia mazoezi mbele ya kioo, pampu ya baiskeli mkononi kama kipaza sauti. Alipoambiwa achague saa, akachagua Jumamosi saa nne asubuhi kwa sababu nzito kabisa: mwanga wa saa hiyo ungempendeza pichani.

Waandaaji wakamjibu kwa adabu kwamba jopo la jamii halina mwanajamii hata mmoja. Asipompata mtumiaji kufikia Ijumaa, nafasi wangewapa wengine. Qusai akacheka kwa kujiamini, akampigia Bi Shamsiya, kiongozi wa kikundi cha wakulima wa mwani huko Moa.

"Shikamoo, Bi Shamsiya."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Qusai. Wa Bamvua."

"Ah, yule wa baiskeli. Hujambo, mwanangu?"

Qusai alieleza kongamano, jopo na kile kiti kilichokuwa kikimsubiri, hadi akafika kwenye siku na saa.

"Hiyo Jumamosi haji mtu," alisema Bi Shamsiya. "Ni bamvua, na saa nne maji yametoka kabisa, sote tuko shambani. Kwani wewe hukuangalia?"

Hakuangalia. Alikuwa ameangalia safari za ndege za mtaalamu wa Nairobi, na hata jua lingeingilia dirisha gani la ukumbi. Akaifungua Bamvua kwenye simu yake mwenyewe. Kabla ya kumwonyesha chochote, ilimkaribisha kama mgeni na kumwuliza kama angependa kufundishwa namna ya kuitumia.

"Tena ile yako ilikuwa ikituchelewesha," Bi Shamsiya aliendelea kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba. "Fundi simu wetu, Tahiri, aliifungua akairekebisha. Na ile kengele yako akaitoa, ilikuwa ikiamsha watoto. Sasa wanayo hadi Tongoni, na Mwera pia. Hatukukwambia, tulijua umeshughulika na duka."

Qusai aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Kumbe Bamvua ile aliyoitunga yeye ilikuwa imebaki kwenye simu moja tu, nayo ni ya kwake. Chini ya aibu hiyo, hata hivyo, alihisi furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

"Nikisogeza iwe saa kumi alasiri, maji yakiwa yamejaa?"

"Hapo nitakuja. Ila nije na Tahiri, yeye ndiye anayeijua."

Waandaaji walikubali saa kumi. Mtaalamu wa Nairobi, ambaye ndege yake ilikuwa saa tisa, akajitoa mwenyewe, na kiti chake akapewa Tahiri. Afisa hakuwa mtu wa kuondoleka. Qusai akakata jina lake mwenyewe, akaandika la Bi Shamsiya. Zile kurasa sita akafungia nati za magurudumu.

Mzee Aslam aliisoma orodha mpya mara mbili.

"Na wewe utasema nini?"

"Sisemi, Baba. Nitapanga viti."

"Hawa wa Moa, wanaitumia kweli?"

"Wanaitumia. Ila si yangu tena, wameibadilisha."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mtu akinunua baiskeli kwangu nikaikuta ileile baada ya mwaka, najua imelala ndani. Akibadilisha breki na kufunga karia ya kubebea mwani, najua anaipanda." Akamrudishia orodha. "Kiti changu kiweke mbele."