Dirisha la Khairat, Dirisha la Hafidh

Khairat, jirani yangu hapa Shumba Mjini, kazi yake madirisha. Si ya mbao. Ya kompyuta: unabonyeza, linafunguka, ndani mna maandishi. Upepo hauingii.

Miezi miwili alitengeneza dirisha la kikundi cha wakulima wa mwani, kila mwanamke na jina lake na mwani aliouleta. Likakwisha. Ndipo binamu yake Hafidh akaja kutoka Unguja na zana nyengine za kutengenezea.

"Zana zako konokono, Khairat. Tupa, uanze upya kwa zangu."

"Tupa kwanza hiyo kofia."

Wanawake wakakaa barazani waamue. La Hafidh likafunguka, pap! La Khairat likafunguka nimeshamaliza kashata. Hafidh akapigiwa makofi. Khairat akaanza kukunja waya. Miezi miwili hiyo.

Mie skuli sikwenda. Herufi kanifunza mke wangu Moza, marehemu, mwezi wa nne sasa. Lakini macho ninayo. Dirisha la Hafidh lilikuwa tupu, kitufe kimoja tu, na kompyuta yake mpya. La Khairat lilibeba wanawake sitini, na kompyuta yake imefungwa mpira wa baiskeli.

Mchuuzi mmoja alipata kumletea Moza mbuzi mpya wa kukunia nazi. Mbuzi mpya akapewa nazi laini, wa zamani nazi kavu. Moza akamwambia, "Pasua nazi moja. Mkono mmoja ukune." Mchuuzi akaondoka na mbuzi wake.

Nikawaambia hivyo. Majina yale yale, kompyuta ile ile, kidole changu.

"Kidole chako kinatetemeka, babu," akasema Hafidh.

"Kitawatetemekea nyote."

La Khairat, nikahesabu hadi tisa ndipo likafunguka. La Hafidh, sita. Lakini majina yamekatika. Moza alikuwa wa kikundi, na daftarini bado yumo, nambari kumi na saba. Pameandikwa "Moz".

"Nani kamkata mke wangu?"

Wanawake wakacheka, mmoja nusura aanguke barazani. Hafidh akarekebisha, jasho linamtoka. Tukapima tena lake. Tisa nalo.

"Sasa nani kashinda?" akauliza mwanamke mmoja.

"Hakuna," nikasema. "Na dirisha lililokwisha halitupwi."

Khairat akaukunjua waya wake. "Kofia je, Hafidh?"

Nambari kumi na saba sikumwambia Khairat aifute. Kila Ijumaa dirisha linaandika: Moza hajaleta mwani.

"Ndivyo," naliambia. "Mvumilie."