Wimbo wa saba wa Bondwa Roki: album ya uzeeni ambayo Morogoro nzima iliipita

Wakuu, za mchana. Leo sina siasa. Nina mkanda mmoja kifuani na nisipoutoa hapa sitatulia. Nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, na mtambo uliorekodi ulikuwa wangu, nimeununua kwa jasho langu. Sina haja ya kuongeza chumvi.

Humu ndani mtu akitajiwa Bondwa Roki anakimbilia ile album yao ya ujana. Nywele mlima, suruali za bugaluu, viatu vya raizoni, gitaa linalia kama paka kabanwa mlangoni.

Sawa, nzuri. Lakini kazi yao kubwa ni ya mwisho, "Mvua Upande", waliyorekodi wakiwa na mvi. Hiyo hamuijui. Ngoja niwape.

Mimi ni mtoto wa Mwembesongo, hapa Morogoro mjini, asili yangu Matombo, huko milimani. Niliondoka nchini sina kitu, nikafanya kazi Muscat kwenye duka la vyombo vya umeme, nikajilipia masomo mwenyewe mpaka diploma ya ufundi wa sauti. Hakuna aliyenisomesha. Nasema hivi mjue aliyekaa nyuma ya mtambo hakuwa mbabaishaji.

Nikarudi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nikakuta mji umegeuka. Mitumba kila kona, maduka yamejaa bidhaa, disko limeingia hadi kwenye mabanda ya video. Viwanda sasa, vingine vimefungwa, vingine vinasubiri mnunuzi.

Hapo ndipo kwenye shida. Kwa wasiojua, enzi zile bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika. Bondwa Roki ilikuwa ya kiwanda. Gitaa, bass, drums, spika, vyote vya kiwanda. Kiwanda kikiuzwa, na vyombo vinauzwa.

Kiongozi wa bendi na mpiga solo alikuwa Mzee Mloka, mjomba wangu. Kwetu Waluguru ukoo unapita kwa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kusalimia na kupita. Ndiye mwenye wewe.

Akaniita. "Mpwa wangu, nina nyimbo saba sijazipiga popote. Vyombo vikiondoka, nazo zimeondoka."

Wakuu, tangu siku ile nikawa siwezi kukaa kitako. Gari likisimama nje, nachungulia. Simu ya jirani ikilia, natega sikio.

Nikapata wazo, na ni la kwangu, hakuna mwingine. Vyombo vikibaki mjini vitachukuliwa. Basi vipandishwe mlimani, turekodi huko. Bendi ikaaga kiwandani kwamba inakwenda kupiga harusi Matombo, tukakodi lori na jenereta, tukapanda.

Tukaingia kwenye godauni tupu la ushirika. Bado lilinuka karafuu. Kuta nikazivisha magunia na mikeka ili sauti isirudi. Wazee wakanicheka.

Shomari, mpiga drums, akaniambia, "Wewe Mwarabu wa Matombo, unatandika ukutani, sisi tutalala wapi?"

Walipojisikiliza kwenye spika wakaomba niurudishe mkanda. Diploma hiyo.

Kazi ikaenda. Nyimbo zile zilikuwa na haraka ya ajabu, kama watu wanaofunga mizigo. Mjomba ujanani alikuwa anajaza noti kila mahali. Sasa anapiga moja, anaiacha ining'inie, unabaki unaisubiri ya pili mpaka unakasirika. Kijana hawezi kupiga hivyo. Kijana anaogopa ukimya.

Tukiwa tumebakiza nyimbo mbili, asubuhi, ikafika pickup. Akashuka bwana mmoja peke yake, kijana nadhifu, ametumwa na ofisi inayouza kiwanda. Harusi yetu ilikuwa imeshtukiwa.

"Shikamoo mzee. Naitwa Maganga. Nimefuata vyombo."

"Marahaba. Maganga wa wapi?"

"Tabora, mzee."

Mjomba akaweka gitaa chini taratibu. Akaenda kwenye pickup, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Mnyamwezi! Babu zako walipita hapa na mizigo ya watu kichwani, wakala ndizi zetu, wakaondoka bila hata ahsante. Leo umekuja mwenyewe. Huondoki!"

Nikajua tumekwisha. Lakini yule bwana uso ulimfunguka.

"Ndizi zipi? Ninyi si mlikuwa mmejificha juu huko, mkiona mtu wa Tabora mnadhani jini? Lete ufunguo, mtumwa wangu."

"Njoo uuchukue."

Wanaojua utani wa Waluguru na Wanyamwezi wanajua. Mtani akikushikia kitu chako, kukasirika ni aibu yako. Ofisi ina sheria zake, lakini Maganga alilelewa kabla ya kuajiriwa. Wakatukanana mpaka Shomari akaketi chini kwa kucheka. Mwisho Maganga akasema, "Mzee, nakupa mpaka mvua itakapofika pale kwenye kile kilima. Ikifika, barabara inakufa, na mimi kazi yangu inakufa."

Ukawa muafaka. Tukapiga wimbo wa sita jicho moja dirishani. Wingu nalo linakuja. Sikilizeni ule wimbo, drums zinakimbia mbele ya bass. Si makosa, ni mvua.

Walipoumaliza tu, matone yakagonga bati. Mjomba akatoa ufunguo mfukoni bila kuambiwa. Neno ni neno. Wazee wakabeba vyombo vyao wenyewe kwenye pickup, wakavifunika turubai kama mgonjwa. Maganga akampa mjomba mkono kwa mikono miwili, akaondoka.

Wa saba ulibaki. Ndio "Mvua Upande" wenyewe.

Mtambo ulikuwa wangu na bado unazunguka. Mjomba akasimama mbele ya mic, mikono mitupu, akaanza kulipiga solo kwa mdomo. Lote. Shomari akavuta meza, akaingia kwa viganja. Wa bass akanguruma kooni. Mvua kwenye bati ikawa kama upatu unaogongwa. Mimi sikubadili kitu, machozi yananitoka na mkono uko kwenye swichi.

Nikaupeleka mkanda kwa msambazaji Kariakoo. Akasema, "Mwishoni wazee wanapiga meza. Kata hapo, nitauchukua."

Nikampelekea mjomba habari. Jibu lake, "Mwambie aanze kukata mkono wake."

Hatukukata. Hakuuchukua. Redio zikasema si wa zamani, si wa kisasa. Tukauza nakala pale Mwembesongo kidogo kidogo, basi. Bendi ikafa, na mjomba akafariki hajausikia redioni hata mara moja. Hilo linaniuma.

Jumapili iliyopita nimeupiga ule wimbo wa saba hapa kwangu Kilakala, madirisha wazi. Jirani yangu mwalimu, anayejidai kujua muziki, akaja hadi barazani.

"Kaka, nani huyo anapiga gitaa hivyo?"

Nikamwambia hapo hakuna gitaa. Akabisha. Nikamrudishia mkanda akasikiliza tena, amesimama, hajakubali hata soda.

Funzo langu ni hili: mchuuzi asikupangie pa kukata. Sehemu anayoiogopa ndiyo yako.

Anayesema album ya ujana ni bora, aweke hoja hapo chini. Mwenye nakala ajitokeze. Mimi sibanduki hapa.