Mtalii wa Kubeba Unga

Usisafiri na mtu asiyejua kusema hapana.

Nimerudi Kilburn, hapa London, sasa hivi. Mgongo sina.

Mimi na rafiki yangu Rehema tulipanga vizuri: basi la bei chee alfajiri, begi moja moja la mgongoni, twende mji wa Bath tukaone mabafu ya Warumi.

Tuliposhuka tu, Rehema akaomba tubadilishane mabegi, eti bega linamuuma.

Jamani, lile begi! Nikalifungua. Kilo tano za unga wa muhogo, na dagaa juu.

"Mama Asha, jirani yetu, alisikia tunakuja huku, akaomba nimpelekee mdogo wake. Ningemkataliaje?"

Mdogo wake anakaa juu kabisa kilimani. Tumepanda saa nzima. Hao Warumi nimewapita kwa mbali, nanuka dagaa.

Tukagonga mlango. Mdogo wa Mama Asha akapokea mzigo, akatukaribisha chai, akacheka.

"Jamani, mmejisumbua bure! Mbona kesho nakuja London kwa dada?"

Kesho. Anakuja. London.

Nikamgeukia Rehema. Mwenzangu anapuliza chai, anasema, "Wala usijali, dada, tulikuwa tunapita tu."

Tunapita wapi, we Rehema? Mlima mzima ule!

Tunaaga, yule dada akatukimbilia na sufuria kubwa ya Mama Asha. Tumrudishie.

Nikauliza kwa adabu zote, "Si unaenda kesho, dada?"

"Ndiyo, ila sipendi kusafiri na mizigo."

Rehema akaipokea kwa mikono miwili. Akanipa mimi.