Mchanga Kwenye Ulezi

Leo nimefungua plasta nimfunge mwanangu kidole, na ile harufu ya gundi imenirudisha uani kwetu, kwenye ungo wa ulezi.

Mdogo wangu alikuwa na jicho moja vivu. Daktari wa macho mjini alimwagiza mama azibe lile zima kwa plasta, halafu lile vivu lipewe kazi ndogondogo kila siku mpaka lizoee. Mama akampa kazi ya kutoa mchanga kwenye ulezi. Kila alasiri walikaa mkekani, magoti yakigusana, mama akimwambia taratibu, "Hapo hapo, mwanangu. Umeuona." Mimi mwenye macho mazima nilitumwa maji. Nilirudi na ndoo kichwani nikawakuta vilevile, na roho ikaniuma.

Siku moja walipoinuka kidogo, nikamwaga kiganja cha mchanga kwenye ulezi waliokwisha kuusafisha. Nilitaka agombezwe. Mama aliporudi akainama, akacheka. "Kumbe bado umo. Kaa, tuanze upya." Wakakaa mpaka jua likazama. Nikarudia kesho yake, na siku nyingine nyingi, kwa hasira ileile, nao wakazidi kukaa.

Jicho likapona. Sasa mdogo wangu ni fundi cherehani mtaa wa Mazwi, na uzi anautunga kwenye sindano mara moja tu. Mama akimtazama husema, "Ulezi wa mwaka ule ulikuwa na mchanga, mwanangu, lakini ndio uliokuponya."

Mimi huwa nimekaa palepale, na bado nashindwa kusema mchanga ulikuwa wa nani.