Panya wa Kundi la Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti jeupe lililonizidi mikono, ndoo, na chumba kizima cha panya weupe. Mkuu wa Maabara, mtu mrefu aliyezoea kuongea huku akiangalia dirishani, aliniambia: "Adela, hapa hatuwapendi panya wala hatuwachukii. Tunawapima." Nilikuwa nimetoka kijijini kwetu Izigo kwa basi la asubuhi, nimemaliza chuo, na niliamini kila neno lililotoka kwa mtu mwenye koti jeupe. Ninyi vijana mnaojifunza kazi hii nawaandikia ili mjue ilivyokuwa. Pia nina hasira ambayo kustaafu hakukuimaliza.

Mwanzoni nilikuwa mtunza wanyama: kubadilisha maranda kwenye vizimba, kujaza chupa za maji, kupima uzito. Kisha nikahamishiwa chumba cha majaribio, chini ya Mtafiti Mkuu, ambako tulipima dawa za kupunguza uvimbe. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unampa panya dawa kwa bomba jembamba linaloshuka kooni hadi tumboni. Baadaye unamdunga kwenye wayo wa mguu wa nyuma maji yenye karajini, unga unaotokana na mwani, na mguu unavimba. Kila saa unauzamisha mguu huo kwenye kipimo cha maji, mpaka kwenye mstari wa wino uliouchora kifundoni, na kiasi cha maji yanayopanda ndicho kinachokuonyesha uvimbe. Kundi la kwanza hupewa maji matupu, la pili diklofenaki, dawa ya dukani ambayo nguvu yake inajulikana, la tatu dawa inayojaribiwa. Wote hunyimwa chakula tangu jioni, ili dawa ikute matumbo matupu na iingie mwilini kwa kasi moja. Mkono wangu ulikuwa mwepesi. Panya hawakuning'ata, na hilo nililionea fahari ya kijinga.

Ndipo ikaja dawa ya shangazi yangu, Yustina. Alikuwa na mti mmoja nyuma ya kibanja chake cha migomba kule Izigo, na watu wenye viungo vilivyovimba walimfuata kutoka pande zote za Muleba. Jina la mti aliniomba nisilitaje, na sitalitaja. Mimi ndiye niliyemshawishi atoe magome yake yapimwe, ili dawa itambulike na majirani waache kumwita mchawi. Alikubali shingo upande.

"Mwana wange," aliniambia akifunga magome kwenye jani la mgomba, "hii hapewi mtu mwenye njaa. Ale kwanza, hata kipande cha ebitoke. Bila hivyo itamsokota tumbo."

Nilimfikishia Mtafiti Mkuu maneno hayo. Alicheka mpaka akavua miwani. "Panya si mgonjwa wa shangazi yako. Fuata utaratibu."

Sikuufuata. Asubuhi ya jaribio nilifika kabla ya wenzangu, nimebeba ebitoke, ndizi zilizopikwa zilizobaki nyumbani, nikawagawia panya wa kundi la tatu, hao tu. Kwetu mgonjwa hasogezewi dawa kabla hajasogezewa sahani, na mimi nilijiona namtetea shangazi.

Bomba lilikuta matumbo yamejaa ndizi, na dawa haikupata nafasi sawa na ile ya kundi la pili. Miguu ya kundi la tatu ilivimba sawasawa na ya waliopewa maji. Mtafiti Mkuu aliandika: haina uwezo wa kupunguza uvimbe. Jioni panya waliuawa kwa dawa ya usingizi, kama ilivyokuwa kawaida, na utaratibu ulitaka tuwapasue matumbo tuangalie vidonda. Wa kundi la tatu nilikuwa nimeshawapeleka kwenye tanuri la kuchomea mizoga, ili ndizi zisionekane. Nilipoulizwa nilisema nimewachoma kwa makosa.

Wiki ileile nilikwenda kwa Mkuu wa Maabara nikakiri. Alinisikiliza akiangalia dirishani.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, mzee."

"Basi asijue. Nikiandika kwamba mtu wangu alilisha panya, kila kilichotoka humu kitatiliwa shaka. Kaa na kazi yako."

"Na dawa ya shangazi?"

"Dawa za mashangazi ziko nyingi."

Nilikaa na kazi yangu. Baada ya muda nikafanywa Msimamizi wa Wanyama, nikawa nawakaripia wengine kwa kutofuata utaratibu. Nilimchukia mzee yule, lakini cheo alichonipa nilikipokea kwa mikono miwili.

Barua ya matokeo nilimpelekea shangazi mimi mwenyewe, kwa kuwa hakujua kusoma. Alinikaribisha kwa buni za kutafuna kama mgeni wa heshima. Nilipomaliza kumsomea aliuliza:

"Uliwapa chakula kwanza?"

"Niliwapa, shangazi."

"Kama walikula na bado haikufaa, basi nimekuwa nikiwadanganya watu."

Maneno ya kumweleza kwamba chakula changu ndicho kilichoharibu kipimo nilikuwa nayo yote. Nilikuwa nimeyasomea. Sikutoa hata moja, kwa sababu ningemweleza yeye, naye angekwenda kueleza wengine, na kazi ingeniponyoka. Siku chache baadaye alimwambia mwanawe aukate mti na kung'oa kisiki. Hakumtibu mtu tena mpaka alipofariki. Kama dawa ile ilikuwa inafanya kazi, sijui, na sasa hakuna wa kujua.

Siku ya kustaafu nilipewa saa ya ukutani. Hotuba ilisema sikuwahi kukosea kipimo hata kimoja, na ni kweli, vipimo vyangu vyote vilikuwa sahihi.

Sasa naishi Buhembe na magoti yangu yamevimba. Mwezi uliopita nilikwenda duka la dawa kununua diklofenaki. Binti wa dukani alishika pakiti, hakunipa kwanza.

"Bibi, umekula? Hii hainywewi ukiwa na njaa, itakusokota tumbo."

Nilimwambia nimekula. Kisha nikamwuliza nani alimfundisha hivyo. Akaigeuza pakiti, akanionyesha kwa kidole mahali palipoandikwa: itumike baada ya kula.