Kiatu Kwenye Usukani

Siku yangu ya kwanza gereji, kabla sijakabidhiwa hata spana, shefu wa atelie, yaani mkubwa wa mafundi, alinivua kandambili moja akaitundika kwenye usukani wa gari.

"Ukiingia chini, kiatu kinabaki hapa," akaniambia. "Mutu akikiona, hawashi injini. Hata patro mwenyewe, mwenye gereji, hawashi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu mafundi wa Bujumbura. Nilipitia gereji tatu, kwa mashefu wakali na wapole, na sikuwahi kuona mtu akigusa kiatu cha mwenzake. Mpaka alipokuja Furaha.

Furaha alikuwa Mkongo wa Uvira, amepanga chumba mtaa wa Ngagara, na ndiye mwanamke wa kwanza kuajiriwa kwetu. Mimi wakati huo nilikuwa fundi mkongwe, nikapangwa kufanya kazi naye. Mafundi watatu wakaanza vituko. Jina lake hawalitaji, ni "we mukimbizi" tu. Sabuni ya kunawa wanamficha. Akiinama, mmoja wao, Kasimu, anampiga kofi la matakoni, wenzake wanacheka. Nikiwakemea wananijibu, "Mzee, ni utani." Utani gani, jamani? Utani huzunguka, leo kwako kesho kwangu. Ule ulimwangukia mtu mmoja kila siku. Mkiona hivyo, wanangu, msiuite utani. Ni uonevu.

Asubuhi moja Furaha alikuwa chini ya pikapu iliyoinuliwa nyuma, anakagua shafti, kile chuma kirefu kinachozungusha magurudumu. Kiatu chake kilikuwa kwenye usukani. Mimi nilikuwa stoo nachota grisi. Nikasikia injini inanguruma, halafu ukelele.

Subhanallah! Nilikimbia, sijui miguu niliitoa wapi. Kasimu alikuwa kwenye kiti cha dereva, kiatu cha Furaha mkononi, anacheka! Alikuwa amewasha gari likiwa kwenye gia, na shafti ikazunguka ikanyakua kitambaa cha kichwa cha yule dada. Furaha akatoka anatambaa, kichwa wazi, damu inamtoka sikioni, hata kulia hawezi.

Tukaenda kwa shefu tuliyekuwa naye wakati huo.

"Shefu, mi nilikuwa nakufa," Furaha akasema.

Shefu hakuinua macho kutoka kwenye chai yake. "Apana, dada, unakuza mambo. Ni michezo ya gereji. Kama hauwezi, rudi kwenu."

Mtu mzima, fundi, anasema hivyo! Hasira zikanipanda.

"Sawa, shefu," nikamwambia. "Tundika kiatu chako, ingia chini ya ile pikapu. Kasimu akae kwenye kiti. Tucheze."

Shefu akaiangalia pikapu, akamwangalia Kasimu. Kiatu hakuvua. Akaweka kikombe chini, akaenda mwenyewe kumwita patro. Kasimu alifukuzwa siku ile ile, na wenzake wawili wakamwomba Furaha radhi mbele yetu sote.

Mwaka jana nilistaafu. Siku ya mwisho shefu wa atelie alikuwa Furaha. Nilitundika kandambili yangu kwenye usukani, nikaingia chini, nikafanya kazi yangu taratibu kama mtu anayeaga. Nilipotoka nilimkuta amesimama kwenye mlango wa gari, jasho linamtiririka, mkono wake umekishika kiatu changu pale pale kilipo.

"Shefu mzima, umesimama juani unafanya nini?" nikamtania.

"Nakuchunga, baba," akasema.